Okidi Imemaliza Maua, Usiitupe

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nawashukuru kwa kunikaribisha hapa Shangani. Mwenyekiti kaniomba nusu saa. Nitajitahidi, ingawa kwenye maua huwa sijui kunyamaza.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Okidi yangu ya kwanza aliniletea mtoto wa dada yangu kutoka Dar, kaipakata kwenye basi njia nzima. Ilikuwa na maua meupe 11. Yalidumu karibu miezi miwili, kisha yakaanza kudondoka moja moja. Nikaionea huruma. Nikaihamishia kwenye chungu kikubwa chenye udongo mweusi na samadi, nikaimwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Wiki ya tatu majani yakalegea. Nilipoishika ikanyanyuka yote mkononi, haina mzizi hata mmoja mzima. Maradhi hayakuwepo. Niliiua mimi.

Okidi hizi zinazouzwa mjini, nyingi ni falenopsi, asili yake misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kule haioti ardhini. Inakaa juu ya matawi, na wala hainyonyi mti, imeushikilia tu. Mvua ikinyesha mizizi inakunywa, upepo ukivuma inakauka. Mzizi wake umevikwa ganda kama sponji: ukiwa mkavu unang'aa rangi ya fedha, ukilowa unageuka kijani. Nasi Waafrika tunazo za namna hiyo. Iko moja yenye maua ya manjano na madoa ya chui, inaota juu ya miti humu humu Tanzania. Mkiiona porini iacheni huko huko, tafadhali.

Kwa hiyo mtu akiniuliza amwagilie mara ngapi kwa wiki, simpi hesabu. Namwambia atazame mizizi. Ndiyo maana mimi, badala ya chungu, natumia chupa ya maji ya lita moja na nusu, nimeikata shingo na kuitoboa chini na ubavuni. Naona kila kitu. Mizizi ikiwa ya fedha, mwagilia mpaka maji yatiririke chini, kisha acha. Ikiwa bado kijani, kaa mbali nayo. Mwagilia asubuhi, na usiache maji yatuame katikati ya majani, pale moyo wa mmea ulipo. Moyo ukioza, basi.

Na maji yenyewe? Kisima kilicho jirani na bahari kina chumvi, na okidi haivumilii chumvi. Kingeni ya mvua, Desemba mpaka Aprili, muweke kwenye madumu.

Sasa lile bua lililobeba maua. Hapa watu wanabishana sana. Likiwa limekauka, rangi ya kahawia, kata karibu na shina. Likiwa kijani, hesabu vifundo viwili au vitatu kutoka chini, kata juu kidogo ya hicho cha mwisho. Huenda kifundo kikatoa tawi jipya la maua. Lakini mmea wenye majani mawili yaliyosinyaa usiudai maua tena. Kata bua lote, uache ujijenge. Mkasi uupitishe kwanza kwenye moto au spiriti.

Wenye dendrobiamu, ile yenye fimbo fimbo, msikate fimbo za zamani hata zikipoteza majani. Humo ndimo inamoweka akiba yake ya maji na chakula, na fimbo kuukuu inaweza kuchanua tena.

Baada ya maua ndiyo nafasi ya kubadilisha chungu, kila mwaka mmoja au miwili. Udongo hapana! Makumbi ya nazi tunayo tele: yakate vipande ukubwa wa kiberiti, yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji ili chumvi itoke. Changanya na mkaa, ule wa jikoni, ila usiwe umewahi kuwashwa. Mizizi iliyooza, ile laini yenye utupu ndani, ikate, migumu iache. Chungu kisiwe kikubwa, mizizi inapenda kubanana. Mbolea, ile ya maji ya kunyunyizia majani, tia robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki mbili, kukiwa na jani au mzizi mpya unaotoka.

Mtaniuliza, maua yatarudi lini? Mkorosho ukishavunwa Desemba hakuna anayeung'oa. Mnajua utachanua tena. Falenopsi nayo ina msimu wake, na kinachoiamsha ni ubaridi. Joto likizidi nyuzi 28 siku nenda siku rudi, inatoa majani tu. Inataka wiki kadhaa za usiku ulio chini ya nyuzi 20 hivi. Kwetu ni shida, sikatai, lakini kuna kusi. Juni hadi Agosti itoeni nje, chini ya mwembe, kivulini, upepo uipitie usiku. Yangu ya sasa ilitoa bua Agosti, mwaka mzima na ushee tangu maua ya kwanza yadondoke. Mume wangu alishaniambia mara tatu niitupe.

Mama wa pale nyuma, wewe uliyekuja na okidi yako kwenye kikapu, ilete hapa mbele. Nani ana gazeti? Tuimwage tuone mizizi.