Lutaaya, Slaidi za Buluu na Wingi wa Watu

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliobanana huko nyuma, karibuni. Leo tunaipima nadharia ambayo hapa Kampala tunaikaririsha kama aya: kwamba jamii hubadilika pale wachache wanaposhikilia neno lao bila kuyumba.

Mwenye nadharia hiyo ni mwanasaikolojia Serge Moscovici wa Ufaransa. Mwaka 1969, yeye na wenzake waliwaketisha watu sita sita mbele ya slaidi 36, zote za buluu. Wawili katika kila kundi walikuwa wamepangwa na watafiti waseme ni kijani. Waliposema hivyo kila mara, asilimia 8.42 ya majibu ya wengine yaliwafuata. Walipoyumba, ikawa asilimia 1.25.

Asilimia nane, jamani! Na ukikosea rangi ya slaidi hakuna anayekuhamisha nyumba, wala anayekutengea kikombe chako peke yako.

Sasa mtazameni Philly Lutaaya. Mwaka 1989 mwanamuziki huyu alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, siku ambazo silimu, kama tulivyouita ugonjwa huo hapa Uganda, ilitajwa kwa kunong'ona. Wapo waliodhani anatafuta pesa. Akazunguka shule na makanisa huku mwili ukizidi kukonda, watu wakimwona kwa macho yao, mpaka alipofariki Desemba mwaka huohuo. Wafuasi wa Moscovici watasema: neno linalomgharimu msemaji huaminika. Sibishi.

Ila nadhani mwanasaikolojia mwingine, Solomon Asch, anamweleza Lutaaya vizuri zaidi. Katika majaribio yake ya kulinganisha urefu wa mistari, miaka ya 1950, watu walifuata jibu la uongo la kundi takriban mara moja katika kila tatu. Akiwepo mwenza mmoja tu anayesema kweli, kufuata huko kulishuka hadi karibu asilimia 5. Yule mwenza hakumfundisha mtu kupima mstari, maana jibu alikuwa nalo tayari. Alimwondolea upweke. Waganda wengi walishawazika ndugu zao na sababu waliijua; kilichokosekana ni mtu wa kutangulia kuitamka.

Tena si yeyote angeweza. Angekuwa muuza mkaa wa Owino, angefukuzwa sokoni kabla ya jua kuchwa. Lutaaya alikuwa nyota, na alikuta njia imeshafyekwa: Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, mwaka 1987, na serikali ilikuwa ikiuzungumza ugonjwa huo waziwazi. Slaidi za Moscovici hazina jina, cheo wala redio. Hapo ndipo ninapoikatia alama nadharia hii.

Na mkiandika insha, msiniletee ule mshuko wa VVU, kutoka karibu asilimia 18 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi karibu 6 muongo uliofuata, kama ushahidi wa ushawishi peke yake. Tabia zilibadilika, kweli. Lakini kiwango hicho huhesabu walio hai, na katika miaka ile wengi waliokuwa na virusi walikufa.