Chupa Nayo Ipewe Kipaza Sauti

Asanteni. Nimepewa dakika ishirini, na anayenijua anajua kwamba tano za ziada nitaziiba. Wengine mmeshanisikia nikiyasema haya Kakamega na kwingineko. Sinzieni kidogo, nitawaamsha tukifika kwenye chupa.

Omutibo, ule muziki wetu wa gitaa, sitaueleza kwa kirefu. Aliyezaliwa magharibi ya Kenya anaujua, na asiyeujua atausikia muda si mrefu, maana wazee wako hapo nje wanakaza nyuzi. Langu ni moja: siku hizi tukiwakutanisha wanamuziki wa zamani wapige pamoja tena, tunawaleta wao wenyewe na muziki wao tunauacha nyumbani.

Niliwahi kutumwa nikawatafute wazee watatu waliokuwa wakipiga gitaa kavu, lisilo la umeme, upande wa Kisa. Hawakuwa wamepiga pamoja kwa zaidi ya miaka thelathini. Msidhani waligombana. Mmoja alienda kuchuma chai Kericho akakawia huko, wa pili aliokoka, na gitaa la wa tatu liliuzwa likalipa karo ya mtoto. Nilianza na yule aliyeokoka, kwa kuwa nilimwogopa kuliko wote. Nikamwambia, "Mzee, wenzako wanakuulizia, kuna watu wanataka mpige tena." Nilitegemea anihubirie. Akauliza, "Chupa wanayo?"

Sasa amkeni.

Chupa ni ile ya Fanta, ya kioo, ya zamani, yenye mapete kuanzia shingoni kushuka. Huyu mzee ndiye alikuwa mpiga chupa. Aliingia ndani akatoka nayo imefungwa kwenye kitambaa, pamoja na kipande cha chuma urefu wa kidole. Kukwaruza, kugonga, kukwaruza, kugonga. Alipiga pale mlangoni, mkewe akacheka jikoni, basi safari ikawa imekubaliwa.

Siku ya onyesho tukafika ukumbini. Jina la ukumbi silitaji, wenye nao ni watu wangu. Mazoezi hayakuwepo, ratiba haikuwa na nafasi. Kijana wa mitambo, mwenye adabu zake kabisa, akamwambia mzee, "Guka, hiyo chupa weka tu chini, tuna ngoma za mashine." Mzee akaiweka chini ya kiti. Akabaki ameketi jukwaani, suti imepigwa pasi, mikono magotini, hana kazi.

Kilichofuata mwakijua. Wimbo wa kwanza walianza mara tatu. Watu wakadhani ni uzee. Uzee gani? Kwenye omutibo kidole gumba cha mpiga gitaa kinashika besi na kidole cha shahada kinaimba juu, na vyote viwili vinaiegemea chupa. Ukiiondoa chupa, gumba linatembea bila fimbo. Halafu akaingia mwenye kinanda. Gitaa la mzee aliyeimba lilikuwa limebanwa kwa penseli iliyofungwa na kipande cha tyubu ya baiskeli, nyuzi zimekazwa kufuata koo lake yeye, koo la asubuhi hiyo. Kinanda hakijui koo la mtu. Kikakaa nusu hatua juu yake wimbo mzima, na ukumbi ukapiga makofi kwa huruma. Makofi ya huruma mimi nayajua, ni yale yanayoanza kabla wimbo haujaisha.

Baadaye tukawapeleka nyuma kula. Akina mama walikuwa wanaosha sufuria. Mzee wa Kericho akashika gitaa avute muda tu, wa tatu akamfuata, na mpiga chupa wetu akainama kutafuta chupa yake. Dada mmoja aliacha kusugua, sufuria mkononi, povu linadondoka kwenye viatu vyake. Niliwarekodi kwa simu. Ndiyo rekodi bora niliyo nayo hadi leo, na ndani yake mnasikika bomba la maji.

Kuna atakayesema, "Mwalimu, unawarudisha nyuma, wazee wenyewe wanapenda umeme." Ni kweli wapo wanaoupenda. Wachukueni Abana ba Nasery wa Bunyore. Shem Tube na Justo Osala kwenye magitaa, Enos Okola kwenye chupa ya Fanta. Walirekodi miaka ya 1960, na miaka ya 1970 wakaingia kwenye umeme kama wengine wote, wakawa Mwilonje Jazz, wakawa Super Bunyore. Hakuna aliyewalazimisha. Lakini mwaka 1989 kampuni ya London ilipozikusanya zile nyimbo zao za zamani, na kisha wakaalikwa Uingereza, ni akina nani waliopanda ndege? Watu watatu, magitaa mawili na chupa. Wakarekodi kule kule, na wanamuziki wa Uingereza wakawafuata wao. Mgeni alijua kuiwekea chupa kipaza sauti. Sisi tulio na kreti nzima nyuma ya duka tunasema iwekwe chini ya kiti.

Na msiniambie vijana hawasikilizi gitaa kavu. Mwaka 1959 mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco alitoka Katanga, Kongo, akaja Nairobi, gitaa moja, Kiswahili chake cha kule kwao, akauza Aspro redioni. Dawa ya kichwa! Vijana wa wakati ule wakamwiga hadi vidole vikatoka malengelenge. George Mukabi, nguli wetu wa omutibo aliyeaga 1963, hakuwa na bendi ya watu kumi nyuma yake.

Naonyeshwa saa. Haya, mengine nayataja nikipita. Mazoezi: siku tatu kabla, wazee walale mahali pamoja, kwa sababu nusu ya nyimbo watazikumbuka usiku wakipiga soga. Viti: visiwe na mikono, gitaa linagonga. Malipo: cheti cha heshima hakinunui nyuzi. Kuna mzee amenionyesha vyeti vinne ukutani, na gitaa lake lina nyuzi tano. Kuhusu haki za nyimbo zao za zamani, nilikuwa na kurasa tatu hapa, nazikunja. Mkiniona nje mniulize, ila mje mmeshakula, ni habari ndefu na inaudhi. Kuhusu kurekodi nimeshasema, nendeni jikoni.

Swali la dada pale nyuma nimeliona kwenye karatasi: je, wakishasahau nyimbo? Hawasahau nyimbo, wanasahau maneno. Waachieni wapige bila kuimba mara mbili, maneno yatakuja yenyewe yakifuata vidole. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Basi nawaita. Wazee ni watatu, tafadhali mbele pale msogee, jukwaa hatulitumii, watakaa hapa chini pamoja nasi. Chupa zimekuja mbili, moja ya akiba. Kipaza sauti kimoja kiwekwe usawa wa goti la mzee wa katikati, sio mdomoni, gotini. Na ndugu uliye karibu na swichi pale ukutani, hebu zima hizo feni. Joto tutalivumilia.