Bunduki ya Vita Iliyokatwa

Hamjambo ndugu zangu wa Nachingwea, Mtama na Lindi mjini! Wazee mnaoshikiwa simu na wajukuu, shikamooni. Leo niko kwa jirani yangu hapa Pennsylvania. Msimu wa kuwinda paa umekaribia, mzee anasafisha bunduki. Mimi siigusi, nawaonyesha tu.

Hii ni Mauser 98 ya jeshi la Ujerumani. Ndiyo, ukoo uleule wa bunduki za askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Vita ya Kwanza, pale Mahiwa, Oktoba 1917. Lakini tazameni ilivyofanywa. Ubao wa mbele uliozuia askari asiungue mkono umekatwa. Mtutu umefupishwa. Mkono wa komeo, ule unaovutwa wakati wa kupakia risasi, umepindwa chini usigonge darubini, na darubini yenyewe imefungwa kwenye matundu yaliyotobolewa juu ya chuma. Kazi yote hiyo kaifanya baba yake, kwa msumeno na tupa.

Baada ya Vita ya Pili, silaha za jeshi zilizobaki ziliuzwa rahisi sana huku. Ulikuwa unaagiza bunduki kwa posta kama unavyoagiza redio, mpaka sheria ya 1968 ilipokataza. Ya kiwandani ilikuwa ghali, basi watu wakanunua za vita na kuzichonga.

Siku hizi vijana wakiiona wanasonya: "Nani kaiharibu hii?" Zilizobaki nzima zimeadimika, bei yake imeipita mbali iliyokatwa. Na bunduki mpya ya kuwindia, yenye kitako cha plastiki, haimshindi mtu wa kipato cha kawaida. Wapo hata wanaosaka mbao za zamani ili wazirudishie! Mzee hataki kuwasikia. Kaniuliza, "Kwani sisi watoto wanne tulikula nini majira ya baridi?"

Mimi leo ukinipa iliyo nzima, siikati. Ila baba yake simlaumu ng'o. Kwetu, hiyo Vita ya Pili ilipoisha, Waingereza walileta mradi wa karanga, na vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta ya kung'olea visiki. Mradi ukafa, na reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea nayo ikang'olewa.

Kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inia mwembeni, tukikigonga kwa nondo. Kama bado kipo, naomba mtu anirekodie mlio wake.