Simbamangu na Waridi la Jangwani

Ndugu zangu, karibuni. Jioni moja upande wa Tsavo nilimwona simbamangu amejibanza nyuma ya waridi la jangwani lililochanua bila jani hata moja. Mwili umetulia kama jiwe. Vishungi vyeusi tu vya masikio ndivyo vilivyotikiswa na upepo. (Jina lake la kigeni, caracal, limetoka kwa Waturuki: "sikio jeusi".) Kanga wakakaribia. Akaruka, akamnyaka mmoja angali hewani. Tangu hapo siwezi kumfikiria paka yule bila kile kichaka.

Wote wawili ni wa nyika, kuanzia huku kwetu hadi Dhofar kule Oman, na shida yao ni moja: maji. Simbamangu huweza kukaa muda mrefu bila kunywa. Maji huyapata katika damu na nyama ya mawindo. Kichaka hakina miguu ya kuyafuata. Huyaweka akiba kwenye shina lililovimba kama mtungi, na kiangazi kikikaza huangusha majani yasiyapoteze. Maua hakiyaachi.

Na msidhani mmea ndio mnyonge. Simbamangu ana kilo 8 hadi 18 hivi. Riziki yake kubwa ni pimbi, sungura, dikidiki na ndege. Lakini utomvu wa waridi hili ni sumu ya moyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huuchemsha hadi ukawa mzito, wakaupaka kwenye mishale, na mshale huo huangusha mnyama ambaye simbamangu hathubutu kumgusa.

Linaloniuma ni hili. Mtu akipita na simbamangu kwenye pikapu, tutapiga kelele kijiji kizima. Juzi nimepishana na pikapu imebeba mawaridi matano, udongo mwekundu bado umeng'ang'ania mizizi, na hakuna aliyegeuza shingo. Wanang'oa porini kwa sababu wateja wanataka lile shina nene. Ukipanda tawi, unene ule huupati kwa urahisi. Huanzia kwenye mbegu, na huchukua miaka.

Basi nimewaletea mbegu kutoka uani kwangu. Zipitisheni, kila mtu achukue mbili. Tazameni: kijiti chembamba chenye manyoya ncha zote mbili, upepo ukikisukuma kinabingirika chini. Hiyo ndiyo miguu yake. Ipandeni kwenye mchanga usiotuamisha maji.