Droo ya diski, au namna ya kuchagua kitakachochakaa

Haya niliyaongea Jumamosi hapa Moshi mbele ya mafundi wenzangu na vijana wa studio za video, kuhusu droo ya diski, yaani ile nafasi ya kuingiza na kutoa diski (hadi disk) bila kufungua kompyuta. Waliochelewa wakaniomba niandike, basi nimesikiliza rekodi ya simu nikatype kama nilivyoongea, nimetoa tu pale umeme ulipokatika tukakaa gizani tunapiga stori.

Shikamooni wazee, vijana mambo vipi. Aliyewasha kompyuta hapo mbele asiizime, ntaitumia.

Nianze na hiki nilichoshika. Waya wa SATA, unaopitisha data kati ya diski na kompyuta, huu mwekundu wa kawaida, kila mtu hapa anao nyumbani kwenye droo moja na betri zilizokufa na risiti za luku. Nani ananiambia hii ncha imetengenezwa ichomekwe na kuchomolewa mara ngapi? Elfu? Nani kasema mpaka ikatike? Hahaha, huyo ndo fundi wa ukweli. Hapana jamani. Walioandika kiwango cha SATA waliweka 50. Yaani soketi ya kawaida ya ndani ya kompyuta inatakiwa ivumilie angalau mara 50, zaidi ya hapo ni wewe na Mungu wako. Ile ya kwenye bodi ya nyuma ya droo za seva, ambayo diski inasukumwa inaingia yenyewe bila waya, hiyo ni 500. Na eSATA, ile tundu ya nje ambayo siku hizi huioni, walitaka ifike 5,000.

Sasa pigeni hesabu. Studio ina harusi kila Jumamosi, diski inatoka inaenda kwa mhariri inarudi, mara moja tu kwa wiki, mwaka haujaisha 50 imeshapita na bado kuna Krismasi ambapo Uchagani kote watu wamepanda na kila ukoo una sherehe.

Kwa hiyo hoja yangu leo ni moja na mkiisahau ntawakumbusha. Ukichomoa diski lazima kuna kitu kinachakaa, hakuna ujanja. Watu wanadhani droo ya diski ni ya wavivu wa kushika bisibisi. Mi nasema kazi yake kubwa ni kuhamisha uchakavu utoke kwenye diski uende kwenye kitu unachoweza kununua kingine kesho asubuhi. Na siyo kila droo inafanya hivyo, hapo ndo watu wanapigwa, ntarudi.

Ntawapa ya kwangu kwanza. Nilikuwa kijana wa kazi kwenye studio moja, sitaitaja, desktopu yao haina mfuniko wa ubavuni, imekaa wazi mwaka mzima kama mlango wa genge, diski ya tera 2 inaning'inia kwa waya zake mbili. Kila wiki wanaichomoa inapelekwa Majengo kwa mhariri. Siku hiyo nikaambiwa mi ndo niichomoe. Ule waya una kilimi cha chuma cha kufungia, sikukibonyeza, nikavuta kwa upande kidogo. Tk. Sauti ndogo aisee, ndogo kuliko njiti ya kiberiti. Kuangalia mwisho wa waya, kuna kipande cha plastiki nyeusi chenye umbo la herufi L kimebaki ndani, na kwenye diski vile vipini saba vya data vimebaki hewani kama meno ya kitana. Ndani ya hiyo diski kuna sendofu ya watu wa Machame, ndafu imeshaliwa, bibi harusi hawezi kuagwa mara ya pili.

Kilichoniokoa ni kwamba sikukitoa kile kipande. Nikakiacha mulemule ndani ya waya, nikalaza diski mezani, nikarudisha waya taratibu kwa vidole viwili, plastiki ikashikilia vipini visipinde, nikabandika selotepu ili waya usicheze, nikawasha. Ikasoma! Nikakopi usiku kucha, nimekaa nayo kama mgonjwa, sikuigusa tena mpaka faili la mwisho. Asubuhi nikamwambia bosi ukweli na mshahara ukakatwa, siyo kwamba nalalamika.

Sasa turudi kwenye droo. Wazee humu mtakumbuka zile za zamani za IDE, aina ya kuunganisha diski iliyokuwepo kabla ya SATA, zinakaa pale palipokuwa pa CD, lile tundu pana la inchi 5.25, zina ufunguo, ukizungusha ufunguo ndo umeme unaingia, na kifeni nyuma kinapiga kelele kama nyuki. Tulizicheka. Lakini ziangalieni vizuri: diski unaifunga ndani ya kisanduku chake mara moja, unaiplagi humo mara moja, basi, kinachoingia na kutoka ni tako la kisanduku, diski yenyewe hata haijui kama imesafiri. Kisanduku kikichoka unanunua kingine. Ile ndo droo ninayoisema mimi.

Halafu kuna hizi za kisasa zisizo na trei, unafungua kimlango unasukuma diski tupu ndani unafunga, na kuna doki za USB, unasimamisha diski kama mkate kwenye tosta. Nzuri, haraka, mi mwenyewe ninazo mbili. Lakini humo inayoingia ni ncha ya diski yenyewe, kila mara. Hata trei nyingi za seva ni fremu tu, diski inagusana na bodi ya nyuma moja kwa moja. Faida yake ni kwamba inaingia imenyooka, reli zinaiongoza, hakuna mkono wa kuvuta upande kama nilivyofanya mimi, na hilo siyo dogo. Ila kama diski inatembea kila wiki, tafuta ile ambayo diski inakaa na kisanduku chake. Bei? Haifiki hata mguu mmoja wa mbuzi wa ndafu.

Na msidhani mambo ya kuchomoa ni mapya. IBM mwaka 1962 walitoa mashine inaitwa 1311, kubwa kama mashine ya kufulia, juu ina mfuniko, unanyanyua rundo la sahani sita lina uzito wa kama kilo 4 na nusu hivi unaweka lingine. Rundo zima linabeba herufi milioni 2. Picha moja ya simu yako leo haiingii humo. Lakini wazo ni lilelile, mashine moja, marundo mengi kabatini.

Kuchomoa kompyuta ikiwa inawaka sasa. SATA inaruhusu, IDE ilikuwa hairuhusu. Ukiweka jicho karibu kwenye plagi, pitisha hii diski nyuma huko muione, vipini havilingani urefu. Ethi imewekwa iguse kwanza, umeme na data vinafuata, ndo maana haipigi shoti. Lakini kompyuta lazima ikubali, uingie BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, uhakikishe SATA iko kwenye hali inayoitwa AHCI, na mazabodi nyingine mpaka uwashe hotiplagi, yaani ruhusa ya kuchomoa ikiwa inawaka, kwa kila tundu. Na Windows unaiambia kwanza kwamba unatoa, msinichekee, kuna mtu hapa anachomoa flashi kama anang'oa muhogo, na mpaka leo hajapata tabu kwa sababu tangu toleo la 1809 la Windows 10 vitu vya USB viliwekwa viandikwe papohapo bila kusubiri. Diski ya kwenye SATA ya ndani hana hiyo bahati, inaweza kuwa bado imeshika faili mkononi haijaliandika.

Lingine, hii inazunguka. Diski ya desktopu nyingi ni mizunguko 7,200 kwa dakika, hiyo ni 120 kwa sekunde. Dada, njoo ushike hapa. Shika vizuri na mikono miwili. Sasa igeuze taratibu sana... umeisikia inakataa? Inakusukuma kama ina roho. Vichwa vya kusomea vinaelea juu ya sahani kwa nafasi ambayo chembe ya vumbi ni mlima. Ukiivuta ikiwa hivo ukaigonga kwenye ukingo wa keisi, umeisha. Unaitoa kwenye umeme, unaivuta nusu inchi tu iachane na bodi, unahesabu mpaka 20, ndo unaitoa yote. Zile za SSD, za chipu tupu bila sahani, hazizunguki, hizo ni suala la data tu.

Rangi. Hili wachache wanalijua. Kwenye seva za HP, ukiona kishikio cha rangi ya damu ya mzee, hicho unaweza kutoa mashine ikiwa inawaka. Dell wao wanatumia rangi ya chungwa iliyofifia, kama tofali la kuchoma. Bluu maana yake shika hapa, siyo kwamba vuta sasa hivi, kwa Dell bluu unazima kwanza. Nimeona mtu na cheti chake amevuta bluu.

Sasa kompyuta zetu za mtumba, maana ndo tunazoishi nazo. Ofisi za huko Ulaya zikiuza kompyuta zinatoa diski kwa ajili ya siri zao, sawa, lakini diski inaondoka na kitrei chake! Optiplex, hizi desktopu za Dell za ofisini, inafika hapa na shimo tupu, kile kiplastiki cha bluu kinachobana diski bila skrubu hakipo, fundi anafunga diski kwa zipu tai au anaiacha imelala juu ya mazabodi, chuma juu ya chuma. Jamani. Kwa HP angalieni ndani ya keisi kabla hamjalia, mara nyingi kuna skrubu za akiba zimefungwa kwenye fremu yenyewe zinasubiri diski. Na skrubu hazifanani, diski ya inchi 3.5 inakula zile za nyuzi nene, ya laptopu inakula M3 ya nyuzi nyembamba, ukilazimisha nene kwenye tundu la nyembamba umeua tundu na trei umeikosesha kazi.

Maswali. Kaka wa fulana ya kijani. Diski imetolewa kwenye eksteno, ile diski ya nje ya USB, kwenye doki inasoma, kwenye desktopu haizunguki kabisa? Usiitupe. Pini ya tatu ya umeme zamani ilikuwa ya volti 3.3, kwenye diski nyingine mpya imegeuzwa kazi, ikipata umeme inaiambia diski ilale. Pawa saplai yako ya zamani inaipa umeme muda wote, yenyewe inatii, inalala. Pitisha umeme kwenye kiunganishi cha Molex, kile chenye waya nne, hakina 3.3. Ila chagua ambacho waya zake zimebanwa kwenye soketi, siyo zile zilizomiminiwa plastiki, hizo zimeshaunguza kompyuta za watu.

Mama pale nyuma. Doki ya kwanza imekufa, umenunua nyingine, umeweka diski ileile inakuambia ufomati? Usiguse kitu mama yangu, toa mkono kwenye mausi. Kuna doki zinaionyesha kompyuta diski kwa vipande vya baiti 4,096, nyingine kwa 512, hesabu za mahali faili lilipo hazilingani, diski inaonekana tupu wakati imejaa. Tafuta doki ya aina ileile ya mwanzo. Halafu nyingine za zamani hazioni zaidi ya tera 2, kwa hiyo hata ukipata ya mtumba uliza kwanza. Ni diski ya nini? Picha za ubatizo wa wajukuu. Basi njoo nayo Jumatatu, ile doki iliyokufa nayo usiitupe, mara nyingi ni adapta ya umeme tu imekufa, hizi diski kubwa zinahitaji volti 12 na USB peke yake haitoi, ntakupimia hapohapo.