Kunja Kipande Kwanza: Mhadhara kwa Mafundi wa Karakana za Nyumbani

Ndugu zangu mafundi, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilalamikia jambo hili, nami nitalilalamikia tena, kwa sababu bado naletewa mabati ya trei yaliyokatwa kwa kujumlisha tu vipimo vya nje: ukuta 50, sakafu 400, ukuta 50, basi bati la milimita 500.

Nami nilikata hivyo hivyo hapa Mabatini, nilipomtengenezea jirani trei ya kukinga mafuta ya sangara chini ya tanuri lake la kukaushia samaki. Bati lilikuwa la milimita 2, nafasi kati ya reli ilikuwa milimita 402, na nilijisifu kwamba nimeacha nafasi ya kutosha. Nilipomaliza kukunja, sakafu ilikuwa imefika 403.5, na trei ikagoma mlangoni kama ng'ombe asiyetaka kupanda kivuko. Jirani akaniuliza kama nilipima kwa macho. Nilikuwa nimepima kwa rula ya chuma, mara tatu.

Rula haikuwa na kosa. Bati linapokunjwa, upande wa ndani hubanwa na wa nje huvutwa, na mstari usiobadilika urefu haukai katikati ya unene bali husogea kidogo kuelekea ndani. Kwa mkunjo wa nyuzi 90, wenye nusu kipenyo cha ndani cha milimita 2, mstari huo tukiuweka kwenye 0.42 ya unene kutoka ndani, yaani milimita 0.84, urefu wa mkunjo ni 1.57 (nusu ya pai) mara 2.84, yaani karibu milimita 4.46. Hesabu ya kujumlisha huuhesabia milimita 8, nne kila upande wa kona, yaani unene 2 na nusu kipenyo 2. Tofauti ni kama 3.5 kwa kila mkunjo, kwa hiyo trei yangu ilistahili bati la 493.

Najua mtakachosema: "Mzee, sisi tunakunja kwa nyundo, bati limebanwa kwenye jiliwa kati ya vyuma viwili vya kona, hiyo 0.42 tutaipata wapi?" Hamtaipata, na wala sitaki muitafute. Kateni kipande cha urefu wa milimita 100 kutoka bati lile lile, mkikunje katikati kwa vyuma vile vile na mkono ule ule, kisha mpime kila mguu kwa nje kwa kalipa. Mkijumlisha mkapata 103.5, basi kwa kila mkunjo wa nyuzi 90 punguzeni 3.5 kwenye jumla ya vipimo vya nje; hayo ndiyo makato. Kipande hicho kimekwisha kuhesabu unene, ugumu wa chuma na ukali wa kona ya chuma chenu, mambo ambayo jedwali la mtu wa mbali haliyajui. Namba ya geji, ile inayotaja unene wa bati, msiitegemee, kwa maana geji moja haina unene mmoja kwa chuma cha kawaida na kwa chuma kisichoshika kutu.

Yupo atakayesema kwamba bati la kuezekea halihitaji haya yote. Nakubali, ni jembamba na makato yake hayafiki milimita moja, kateni mwende nyumbani.

Muda unanibana. Chuma hurudi nyuma kidogo kikiachiwa, kwa hiyo kikunjeni kupita nyuzi 90 kabla ya kupima. Aluminiamu ngumu hupasuka kwenye kona kali. Ipeni kona ya mviringo, mkunje kipande kingine, maana makato yamebadilika. Jiliwa lipo hapa mezani na vipande vimekwisha kukatwa, kila kimoja 100.