Mashine Ishike Foleni, Mtu Ashike Simu

REHEMA: Karibuni tena barazani kwetu. Leo tunaongelea nyumba za serikali hapa Kenya, zile za bei nafuu. Mambo yote yakihamia mtandaoni, asiyejua hata baruapepe ni nini apitie wapi? Niko na Otieno, kama kawaida.

OTIENO: Nipo, dada. Na naanza kwa kukupinga.

REHEMA: Hata sijasema kitu!

OTIENO: Najua unakoelekea. Utasema Boma Yangu, ile tovuti ya serikali ya kujisajilia nyumba, inamwacha maskini nyuma. Sasa kabla ya hiyo tovuti, nyumba ya umma Nairobi ulikuwa unaipataje? Mpaka umjue mtu. Na huyo mtu naye ana njaa yake. Kompyuta haiombi chai.

REHEMA: Haiombi, nakubali. Lakini hebu twende saiba ya mtaani, kile kiduka cha intaneti. Mama ameshika kitambulisho, kijana ndiye anayechapa. Mama hana baruapepe, kijana anamfungulia. Neno la siri linaandikwa nyuma ya risiti. Namba ya simu inayotiwa ni ya mwanawe aliyeko Eldoret, maana ya mama huzimazima. Sasa ujumbe wa kuthibitisha ukitumwa, unaingia wapi?

OTIENO: (anacheka) Eldoret.

REHEMA: Eldoret! Kwenye orodha yumo, kajisajili barabara. Siku akiitwa, hana habari.

OTIENO: Lakini simu janja si lazima. Kuna USSD, ile ya kubonyeza namba za nyota na reli bila intaneti, hata kitochi kinatosha. Na Huduma Centre, ofisi za serikali za kuhudumia wananchi, zipo.

REHEMA: USSD inakusajili, haikuelezi. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imegawa watu kwa kipato. Ukipata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, wewe ni wa nyumba za kijamii. Kuanzia 20,000 hadi 149,000, nyumba za bei nafuu. Haya, muuza sukuma wiki leo kapata 900, kesho mvua imenyesha, kapata 150. Ajaze ngapi?

OTIENO: Ajaze wastani.

REHEMA: Wastani gani, bwana? Hapo ndipo anatakiwa mtu wa kuketi naye. Akiona haya akajaza kubwa, keshajitupa kundi moja na walimu na makarani.

OTIENO: Hiyo nimeimeza. Na ukifikiri, mwenye mshahara hapati taabu hiyo. Tozo ya nyumba anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara juu kwa juu, mwajiri anaongeza 1.5 nyingine. Mashine inamjua mwenye pesilipu. Huyu wa sukuma wiki haijamwona hata siku moja.

REHEMA: Umesema vizuri kuliko mimi. Na wenye kumjua wapo. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango: Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kaya kama laki moja. Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao waliwapanga watu kwa kaya kumikumi, kila kumi wana mtu wao wa kuwasemea, kisha makundi yakaungana.

OTIENO: Kama Nyumba Kumi.

REHEMA: Kwetu Tanga tungesema balozi. Huyo anajua nani kafiwa na mume, nani mpangaji kweli, nani ni mwenye mabanda anayejifanya mpangaji.

OTIENO: Na huyohuyo balozi atamwandika shemeji yake! Tusidanganyane.

REHEMA: Ndiyo maana simpi kalamu. Orodha ikae kwenye kompyuta, kila mtu aione, asirukwe. Ila kabla jina halijafutwa eti mtu hakujibu ujumbe, afisa aende mlangoni kwa miguu yake, abishe hodi.

OTIENO: Hapo sina neno. Tuseme basi keshaingia. Mei 2025 Rais Ruto alikabidhi nyumba 1,080 pale Mukuru, za chumba kimoja kama shilingi 3,900 kwa mwezi. Kulipa kwa simu ni raha tupu, hakuna anayetaka kurudi kwenye foleni ya karani. Bomba likipasuka usiku je?

REHEMA: Uingereza wamejifunza kwa uchungu. Desemba 2020, mjini Rochdale, mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, alifariki kwa sababu ya kuvu iliyotanda kwenye nyumba yao ya kijamii. Baba yake alikuwa ameshalalamika, na malalamiko yalipokelewa. Sheria yenye jina la mtoto ikaanza kutumika Oktoba 2025. Hatari ya dharura, ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na kuvu vinavyohatarisha afya, mwenye nyumba achunguze ndani ya siku 10 za kazi.

OTIENO: Na siku hizi kule wanabandika vitambuzi vya unyevu ukutani.

REHEMA: Vizuri sana, hata huku vije. Lakini kitambuzi hakikuambii kwamba kitanda cha mtoto kimeegemezwa ukuta uleule.

OTIENO: Sasa dada, hao wa kubisha hodi watalipwa na nani?

REHEMA: Kwa ile tozo. Imege kidogo.

OTIENO: Tozo ni ya kujengea! Ukiigusa kulipa mishahara, utaanzisha vita.

REHEMA: Na vianze. Unajenga ghorofa la mamia ya familia, halafu huna hata mtu mmoja wa kupokea simu?

OTIENO: Mimi bado naiogopa ofisi mpya. Leo wa kupokea simu, kesho mkurugenzi na gari lake.

REHEMA: Tutabishana tena wiki ijayo, tukiongelea ada ya ulinzi na usafi kwenye ghorofa hizo. Njoo na hesabu zako.